Tunalia CRE, Tumesahau PPI

Tangu kundi la kwanza la mtaala wa umilisi nchini Kenya lilipoingia Gredi ya 10 Januari 2026, kilio kimoja kimezunguka kwenye mikutano ya wazazi, vikundi vya WhatsApp vya parokia na, hapa na pale, mimbarini: CRE (Elimu ya Dini ya Kikristo) sasa ni somo la kuchagua, watoto wanakimbilia STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), basi serikali inaifukuza dini shuleni. Kwa maoni yangu, wanaolia hivyo wameenda matanga ya mbali na kuacha mgonjwa nyumbani. Kilichopungua ni somo la mtihani ambalo halikuwahi kupewa kazi ya kumlea mtoto katika imani Katoliki, na lisingeiweza kazi hiyo hata lingepewa. Nafasi ya malezi hayo ipo kwenye kipindi kingine, kile cha PPI, yaani mafundisho ya kichungaji, ambacho mtaala haukukifuta. Kama leo kinakufa, kinakufa mikononi mwetu sisi Wakatoliki, wala hakuna waraka wa wizara tunaoweza kuulaumu.

Tutazame kwanza kilichobadilika. Mwanafunzi wa Sekondari Pevu (Gredi ya 10 hadi 12) anasoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na Mafunzo ya Huduma kwa Jamii kama masomo ya lazima, kisha anachagua mengine matatu kulingana na mkondo wake: STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. CRE imewekwa kwenye Sayansi za Jamii, bega kwa bega na dini ya Kiislamu na ya Kihindu. Wizara ya Elimu ilipanga takriban asilimia 60 ya wanafunzi waelekee STEM, kwa hiyo ni kweli kwamba wengi hawataigusa tena CRE. Lakini hadi Gredi ya 9 Elimu ya Dini bado ni ya lazima, na ilitahiniwa katika KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, ulipofanywa mara ya kwanza mwaka 2025. Tena hata chini ya 8-4-4, mtaala wa zamani, hakuna mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, aliyelazimishwa kufanya CRE. Aliichagua mbele ya Historia na Jiografia, na wengi waliichagua kwa sababu waliambiwa huko ndiko A inakopatikana bila jasho jingi. Hiari hiyo si ya jana. Jipya ni kwamba sasa inaonekana, kwa kuwa mtoto anatamka mkondo wake mapema na jina la mkondo halina neno dini ndani yake. Kipindi cha PPI kimebaki pale pale: mara moja kwa wiki, kwa mwanafunzi wa kila mkondo, bila mtihani.

Kuna historia iliyotuzoesha kuyachanganya mambo haya mawili. Wamisionari wa Konsolata walipofika Murang'a mwaka 1902, na wale wa Mill Hill walipofika upande wa Kisumu mwaka 1903, shule na mafundisho ya ubatizo vilikuwa kitu kimoja. Katekista ndiye aliyekuwa mwalimu. Asubuhi alifundisha herufi na hesabu, mchana akafundisha Amri za Mungu na Sala ya Bwana, chini ya paa lile lile la nyasi. Hata ilipoanzishwa Kabaa mwaka 1925, shule iliyokuja kuwa Mang'u, hakuna aliyeuliza somo linaishia wapi na katekesi inaanzia wapi. Mambo yalibadilika baada ya uhuru. Tume ya elimu ya Ominde ya mwaka 1964 iliitazama shule kama chombo cha taifa, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikayatoa makanisa kwenye usimamizi na kuyafanya wadhamini. Dini ilibaki ndani ya shule, lakini kwa masharti mapya: ingefundishwa kama somo, na mwalimu anayelipwa na serikali, kwa muhtasari ambao Mkatoliki, Mwanglikana na Mpresbiteri wote wangeweza kuukubali.

Muhtasari wa namna hiyo una faida zake, lakini lazima uwe na mipaka. Mtu aliyesoma CRE ya sekondari anaikumbuka: uumbaji na anguko, Abrahamu, agano la Sinai, Daudi na Sulemani, Eliya mbele ya manabii wa Baali, Injili ya Luka sura kwa sura, vipaji vya Roho Mtakatifu, Amosi, Yeremia, Nehemia, kisha ndoa, kazi, mali na starehe kwa mtazamo wa Kikristo. Ni maarifa mazuri na singependa mtoto yeyote ayakose. Ila hutakuta humo namna ya kufanya kitubio, wala maana ya Misa kama Wakatoliki wanavyoiamini, wala Bikira Maria kwa mapana yake, wala mwaka wa liturujia, wala ile Rozari ambayo bibi yake anaisali kila jioni. Havimo kwa sababu makanisa yalikubaliana kufundisha yale yanayoyaunganisha. Juu ya hilo ongeza mtihani. Mwalimu wa Kidato cha Tatu anafundisha jinsi Amosi alivyoishutumu ibada ya maonyesho isiyo na haki ndani yake, na mwanafunzi anaikariri shutuma hiyo kwa hoja sita ili apate alama sita. Sijui Amosi mwenyewe angesema nini kuhusu karatasi hiyo ya majibu! Msahihishaji naye hana budi kuipa alama kamili, iwe imeandikwa na mwanakwaya au na kijana asiyeamini chochote, na hiyo ni haki kabisa, maana kazi ya Baraza la Mitihani ni kupima kinachojulikana.

Kanisa lenyewe limeieleza tofauti hii waziwazi, na inashangaza jinsi maneno yake yanavyosahaulika na watu wake. Mwaka 2009 idara ya Vatikani inayoshughulikia elimu ya Kikatoliki iliwaandikia marais wa Mabaraza ya Maaskofu duniani kote ikifafanua kwamba somo la dini shuleni na katekesi ni vitu viwili vinavyokamilishana. Katekesi inamwongoza mtu amshike Kristo na kukua katika maisha ya Kikristo. Somo linampa maarifa kuhusu Ukristo. Mwongozo wa Katekesi uliotolewa mwaka 2020 umeshikilia msimamo huo huo. Mwaka mmoja baadaye Papa Fransisko akaifanya huduma ya katekista kuwa huduma rasmi ya mlei katika Kanisa, hatua ambayo ingepaswa kusomwa kwa sauti katika kila jimbo ambalo ukatekista umekuwa kazi ya mzee mmoja mwenye baiskeli na daftari lililochakaa. Kwa hiyo anayesema kwamba CRE ikipungua katekesi imepungua, anadai kitu ambacho Kanisa lake halijakisema.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu. Mwalimu wa CRE ameajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, anakaa shuleni, anawajua watoto kwa majina, na mara nyingi ndiye mlezi wa YCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, ndiye anayempigia padri simu kukumbusha Misa ya mwezi, ndiye anayejua ni nani hajabatizwa. Somo likikosa wanafunzi, shule haitaomba mwalimu wa somo hilo, na siku atakapohamishwa hakuna atakayeziba pengo lake. Isitoshe, wapo watoto wengi ambao jina lao la ubatizo ndilo kitu pekee cha Kikatoliki walicho nacho. Nyumbani hakusaliwi, jumuiya hawaijui, na Luka walikutana naye darasani tu. Hao wanapoteza kitu halisi. Siwezi kulipinga hilo, na nadhani maaskofu wana kila sababu ya kudai shule wanazozidhamini zisiache kuitoa CRE kwa anayeitaka. Lakini itazame hoja yenyewe kwa makini. Inasema kwamba tumekuwa tukiishi kwa mshahara wa serikali. Mwalimu yule alifanya kazi ya kichungaji kwa hisani yake, nje ya saa zake, na parokia ikaridhika kwa sababu haikuigharimu hata shilingi. Udhaifu huo ulikuwepo wakati darasa la CRE limejaa pomoni. Ulikuwa umefichika tu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopigiwa makofi zaidi: kwamba bila CRE nidhamu itaporomoka. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 nchini zilichomwa moto katika msimu mmoja. Wanafunzi wa shule hizo walikuwa watoto wa 8-4-4, waliofundishwa dini tangu darasa la kwanza na, katika shule nyingi, hadi Kidato cha Pili bila kuulizwa kama wanataka. Atakayejibu kwamba bila CRE zingechomwa 300 ana haki ya kuamini hivyo, ila hana njia ya kuonyesha. Kinachonisumbua zaidi ni kile ambacho hoja hii inaifanyia imani. Inaigeuza kuwa msaidizi wa naibu wa mwalimu mkuu, na mtoto analitambua hilo upesi. Akishaona kwamba Mungu anatajwa tu pale sare inapokuwa chafu au bweni linapopiga kelele, atamweka Mungu kwenye kundi moja na kengele ya alfajiri, aachane navyo vyote siku atakapotoka langoni na cheti chake. Tumewaona vijana wa aina hiyo, tena waliomaliza kwenye shule zenye majina ya watakatifu.

Wapo pia wanaoona afadhali dini ingetoka kabisa shule za umma. Katiba haina dini ya taifa, ibara ya 32 inamlinda kila mtu katika dhamiri yake, na shule inayolipiwa na kodi ya Mwislamu, Mhindu na asiye na dini haiwezi kumilikiwa na altare moja. Wanaosema hivyo wana mfano mkononi. Kesi ya hijabu iliyotoka shule moja ya Isiolo iliyodhaminiwa na Kanisa la Methodisti ilipanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2019 ilitengua uamuzi wa Mahakama ya Rufaa uliowapa ushindi wasichana Waislamu, lakini kwa misingi ya utaratibu wa kesi zaidi kuliko kiini cha ubishi. Swali lenyewe bado liko hai. Mimi nalichukulia kwa uzito, na ndiyo sababu naona PPI inajibu vizuri zaidi kuliko somo la lazima. Hakuna alama, hakuna anayefeli, na maana ya kipindi ni kila mwenye dini alelewe katika dini yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 27, inampa mdhamini jukumu la kutunza maisha ya kiroho shuleni huku akilinda imani ya wasio wa dini yake. Shule ya Kikatoliki inayowakusanya Waadventista na Waislamu wote kwenye kanisa la shule saa ya PPI, kisha ikaita hiyo umoja, inavunja kifungu hicho hicho inachokitegemea.

Sasa twende kwenye PPI kama ilivyo, si kama ilivyoandikwa. Katika shule nyingi nilizozijua kwa karibu, kipindi hiki kinaonekana kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani na hakionekani darasani. Mwalimu wa Hisabati aliyebaki nyuma ya silabasi anakiomba, na hakuna wa kumkatalia kwa sababu hakuna mwenye kipindi. Kisipochukuliwa na Hisabati, wanafunzi wanaambiwa wafue nguo au wasome wenyewe. Kisipokuwa hivyo, anakuja mhubiri mgeni, mara nyingi rafiki ya mtu fulani kwenye bodi, anaruka jukwaani kwa dakika 40 na kuondoka, na wasichana watatu wanabaki wakilia bila mtu wa kuzungumza nao. Kisha muhula wa tatu unafika na ile siku ya maombi ya watahiniwa, ambayo siku hizi imekuwa sherehe yenye mahema, wanasiasa, wazazi waliosafiri kutoka mbali na kalamu zinazoinuliwa juu zibarikiwe. Siipingi sala kabla ya mtihani. Lakini mtoto anayeona Kanisa likija shuleni kwa kishindo mara moja kwa mwaka, na mara hiyo moja ni kwa ajili ya gredi, amefundishwa jambo kuhusu Mungu ambalo hakuna katekisimu inayolikubali.

Kwa nini mwenye kipindi hayupo? Kifungu cha 27 kinamruhusu mdhamini kuteua kasisi wa shule, na papo hapo kinaongeza kwamba ni kwa gharama ya mdhamini. Nadhani siri iko hapo. Haki tulipewa pamoja na bili, tukaidai haki na kuiacha bili mezani. Kifungu cha 56 kinampa mdhamini viti vitatu kwenye bodi ya shule, na ukifuatilia migogoro ya wadhamini inayofika magazetini, mingi ni ya nani awe mwalimu mkuu na anasali wapi. Wazazi wamewahi kufunga lango la shule kwa sababu ya dhehebu la mwalimu mkuu. Lango lililofungwa kwa sababu shule imekaa bila kasisi sijalisikia. Si vigumu kuelewa: mwalimu mkuu ana bajeti na zabuni, kasisi ana stola na kitabu cha Misa. Wakati huo huo parokia inafanya harambee ya ukuta, ya mnara wa kengele, ya gari la padri, na katekista anayetakiwa kuzunguka shule nne kwa wiki anapewa posho isiyotosha nauli ya pikipiki. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 804, inamtaka askofu ahakikishe kwamba wanaofundisha dini, hata katika shule zisizo za Kikatoliki, ni watu wenye mafundisho sahihi, maisha ya mfano na ujuzi wa kufundisha. Kwa posho hiyo, ni vigumu kumdai mtu yote matatu.

Wengine watanijibu kwamba malezi ya imani ni kazi ya wazazi, na shule si mahali pake. Kwa kanuni wako sahihi: Kanisa linafundisha kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza wa imani. Lakini jibu hili linasahau bweni. Mtoto anayesoma shule ya bweni yuko mbali na baba na mama kwa sehemu kubwa ya mwaka, katika umri wa miaka 15 hadi 18, umri ambao maswali makali ya imani huanza: kwa nini rafiki yangu alikufa, kama sayansi ni kweli kitabu cha Mwanzo ni nini, kwa nini niungame kwa mtu. Jumuiya Ndogo Ndogo ya kwao hukutana yeye hayupo. Mafundisho ya Kipaimara, akibahatika, anapata kwa mihula miwili ya haraka haraka, askofu anakuja, vijana 200 wanapakwa mafuta asubuhi moja, na Jumapili inayofuata hakuna anayewauliza lolote. Kwa mtoto huyu shule ndiyo makao yake ya kila siku na ndiyo parokia yake, tupende tusipende. Kumrudisha kwa wazazi ni kumrudisha kwa watu anaowaona siku ya mkutano wa darasa na wakati wa likizo.

Tupige hesabu ya kile kilichopo. Kipindi kimoja cha dakika 40, wiki kama 36 za masomo, ni saa 24 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ya Sekondari Pevu ni saa 72. Katekista yeyote wa parokia anayewaandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza Jumamosi baada ya Jumamosi angezipokea saa hizo kwa mikono miwili. Zinatosha kuwapitisha vijana katika sakramenti bila haraka, kusoma Injili moja kwa kusali nayo badala ya kuikariri, kuwafundisha sala watakayobaki nayo, na kuwaachia nafasi ya kuuliza maswali ambayo mtihani wa CRE haukuwahi kuyaruhusu kwa sababu hayana hoja sita. Na kwa kuwa hakuna alama, kijana anaweza kusema kwamba haamini jambo fulani bila kuogopa kwamba itaandikwa kwenye ripoti yake. Uhuru huo ndio uliokosekana katika CRE tangu ilipoanza kusahihishwa na kalamu nyekundu, na nashangaa kwamba wanaolia hawajaona kuwa wamepewa.

Wanafunzi wa mwisho wa 8-4-4 watafanya KCSE mwaka 2027, na kundi la kwanza la Gredi ya 12 litafuata mwaka 2028. Matokeo yakitoka, idadi ya waliofanya CRE huenda ikawa imeshuka sana, na nakisia kwamba vichwa vya habari na matamko ya kulaani havitakosekana. Kabla ya hapo kila jimbo lina muda wa kujua jambo ambalo Baraza la Mitihani halitalitafutia: katika shule zake za sekondari, ni ngapi zenye mtu aliyeteuliwa, aliyefunzwa na anayelipwa kuingia darasani saa ya PPI, na ni ngapi ambazo saa hiyo ni ya Hisabati. Hesabu hiyo haihitaji kikao na waziri. Wawakilishi watatu wa mdhamini kwenye kila bodi wanaweza kuileta katika mkutano wao ujao, pamoja na pendekezo la posho ya katekista mmoja kwa kila shule mbili au tatu za jirani, na parokia ikaamua kama ukuta wa uani unaweza kungoja mwaka mmoja.